Yai la Mama, Mfupa wa Mama

Mama yangu alivunjika mkono kwa kuteleza kwenye ganda la muhogo. Hakuanguka mtini, hakupigwa na askari, hakusukumwa na ng'ombe. Aliteleza tu uani kwetu Ntoto, akajikinga kwa kiganja, mfupa ukakatika. Majirani walisema ni uzee. Neno hilo silipendi hadi leo, maana ukishalisema huna tena haja ya kufanya lolote.

Tulikuwa tumeteremka kutoka milima ya Masisi, vita vikitufukuza. Kule juu Mama alikuwa na maziwa kila asubuhi, jibini, na maharagwe ya shamba lake mwenyewe. Vita vikala ng'ombe, vikala na shamba. Huku msituni tulikula ugali wa muhogo na sombe, yale majani ya muhogo, na kesho yake sombe na ugali wa muhogo. Maharagwe machache yakipatikana, Mama aliwasukumia wajukuu, yeye akalamba mchuzi na kusema ameshiba.

Nilimpeleka Walikale kwa pikipiki, mkono umefungwa kwa kitenge. Daktari alimtia plasta, akamtoa damu ikapimwe. Majibu yalipotoka aliniita pembeni.

"Dada, damu ya mama yako iko na protini kidogo sana," alisema. "Mu chakula njo inatoka. Muzee akiikosa, miguu inakosa nguvu, mifupa nayo inavunjika mbio. Leo ni mukono. Akianguka tena, inaweza kuwa paja."

"Na paja ikivunjika?"

"Huku hatuna wa kupasua. Atalala tu."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Kila mtu kwetu alijua maana ya kulala wakati wengine wanakimbia. Risasi zikisikika, anayeweza kutembea anatembea. Nilikwisha kuona wazee walioachwa ndani, mlango umerudishiwa tu. Niliapa kwamba Mama hatakuwa mmoja wao, na atakayenizuia tutaonana.

Tulipofika nyumbani, habari zilikwisha kuenea kwamba damu ya Mama haitoshi. Kwetu ukitaja damu, watu wanawaza rangi. Akina mama wa kanisani wakaja na soda nyekundu iliyokorogwa na nyanya ya kopo, wakaja na maji ya lengalenga nyekundu, ule mchicha mwekundu. Mama alikunywa kwa adabu, tumbo likamvuruga siku nzima. Niliwaeleza kwamba damu ipo tele, kinachokosekana ndani yake hakina rangi. Walinitazama kana kwamba nimewafukuza. Basi nikasema wazi: atakayekuja tena kumwona mgonjwa, aje na yai.

Hapo nilishika moto kwa mkono. Kwa wazee wetu, mwanamke hali kuku wala yai. Kuku ni wa wanaume na wageni, na yai ni kuku ambaye bado hajatoka. Mama alikuwa amefuga kuku maisha yake yote bila kuonja hata kipande. Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Alikuja akaketi uani kwetu, uso umekunjwa.

"Unataka kumuharibia mama yako jina mu uzee?" aliniuliza.

"Baba Mukubwa, mie nataka akimbie. Siku masasi italia, ni wewe utamubeba?"

Alijishika kiuno. Mgongo wake mwenyewe ulikuwa umepinda. "Ile njo desturi yetu," alisema.

"Ile desturi ilikuwa na maziwa. Ulete maziwa, na mie nitaacha mayai."

Hakuwa na maziwa ya kuleta, wala mimi sikumtarajia awe nayo. Mama, aliyekuwa ameketi mlangoni akisikia yote, aliomba sahani. Alikula yai la kwanza amefumba macho, akitafuna taratibu kama mtu mwenye kidonge kichungu mdomoni, na machozi yakamtoka. Moyo uliniuma sana. Sikumwambia aache. Kesho yake nilimchemshia lingine, akala tena. Maharagwe nayo nilimpakulia kwenye sahani yake peke yake, nikakaa mbele yake mpaka yaishe, na wajukuu wakija kunyemelea niliwafukuza wakale sehemu yao. Watu wakasema nina roho mbaya kwa watoto wangu mwenyewe. Na waseme.

Plasta ikatolewa, Mama akaanza tena kulima bustani nyuma ya nyumba. Hatukupewa muda mrefu. Siku ya kukimbia ilikuja asubuhi, chai ikiwa bado motoni. Tulishika njia ya msitu kuelekea Walikale, ukoo mzima. Wanaume wawili wa jirani walitaka kumbeba Mama kwa tipoyi, kile kiti cha miti kinachowekwa mabegani. Alikataa. Mvua ilikuwa imenyesha, na kwenye mteremko mguu ukamponyoka, akaanguka kwa ubavu, kishindo. Watu wote nyuma yake wakasimama. Mimi sikuweza kusogea. Nilikuwa nangoja tu kumsikia akilia.

Hakulia.

Ilikuwa ni mayai? Sijui, na daktari yule mwenyewe asingethubutu kuapa. Huenda matope yalikuwa laini. Wanaotaka kuniambia ilikuwa bahati, waniambie. Mimi nimeshaona bahati ya wazee wanaoshibishwa kwa mchuzi.

Mama alikunja goti moja, kisha la pili, akasimama, matope mpaka shavuni. Baba mkubwa, aliyekuwa mbele yake, aligeuka akamnyooshea mkono. Mama aliutazama ule mkono, kisha akamtazama mwenyewe.

"Shemeji," alisema, "toka mu njia. Unanifungia."