Dionizi na Miti Iliyotupwa

Marehemu Dionizi Niyonkuru alikuwa na shtaka moja dhidi ya Waamerika, na alilirudia kila mwaka mpaka watu wakawa wanamsaidia kulimalizia: hawa jamaa wanamshangilia Mtoto Yesu mwezi mzima kabla hajazaliwa, halafu wanamtoa nje kabla hata hajatahiriwa.

Ushahidi wake ulikuwa kando ya barabara za Clintonville, mtaa wa kaskazini mwa jiji la Columbus, Amerika. Tarehe ishirini na sita Desemba, yeye bado akichokonoa nyama ya sikukuu kwenye meno, miti ya Krismasi ilikuwa imeshaanza kulazwa kifudifudi mbele ya nyumba za watu, mibichi kabisa, ikinukia msitu, ikisubiri gari la taka.

Dionizi alikuwa katekista katika kambi ya wakimbizi miaka kumi na mmoja, kisha mpakia mizigo ghalani miaka saba. Akaona utupaji huo ni dhambi, na papo hapo akaona ni bahati. Aling'oa viti vya nyuma vya gari lake akaenda kuokota. Mti mmoja wa kwake, mmoja wa jirani Mkongo, mingine ya Warundi wenzake wa jengo alimoishi. Kwao Noeli ilianza wakati ya wenzao imekwisha, na mti ulikaa sebuleni mpaka tarehe mbili Februari, siku Mtoto alipopelekwa hekaluni.

"Mamajusi wenyewe bado wako njiani," alimwambia binti yake Nadine alipolilia mti wa mapema kama wa wenzake shuleni. "Wewe una haraka ya kwenda wapi?"

Mkewe Joselyne ndiye aliyeona aibu. "Baba Nadine, watu wanatutazama. Wataona sisi ni maskini."

"Kwani si maskini? Nani amekudanganya?"

Tabia hiyo hakuianzia Amerika. Kambini Mtabila, huko Kasulu, mkimbizi hakuruhusiwa kupita kilomita nne kutoka kambini, na misonobari mizuri, kama ilivyo kawaida ya vitu vizuri, ilikuwa kilomita ya tano. Mkesha mmoja wa Noeli mgambo alimkamata na tawi begani.

"Ni la Yesu," Dionizi akajitetea.

"Yesu naye ana kibali?"

"Yesu alikimbilia Misri na wazazi wake. Hakuna mahali katika Injili panaposema walionyesha kibali."

Mgambo, ambaye naye alikuwa Mkatoliki, akafikiri, akamwacha apite. Tawi lile likapambwa kwa karatasi za chooni na nyota zilizokatwa kwenye makopo ya mafuta ya msaada. Nyota kubwa kuliko zote ilitokea na herufi za USA tumboni. Watoto wakaamini kwamba hata malaika wanaletwa na lori la mgao. Nyota hiyo Dionizi alisafiri nayo mpaka Columbus, imefungwa ndani ya soksi.

Mwaka wa kwanza, 2008, alikuwa amesikia tu kwamba Waamerika hutupa miti, akakosea tarehe. Aliona mti umesimama kwenye ndoo ya maji kando ya kibaraza cha mtu, akadhani nao umetupwa. Kumbe ilikuwa tarehe ishirini Desemba, na mwenyewe alikuwa ameuweka unywe maji kidogo kabla ya kuuingiza ndani. Mzungu alitoka mbio na soksi kwenye theluji. Dionizi, kwa Kiingereza chake cha miezi mitatu, akaomba radhi kwa adabu zote: "Samahani, bwana. Nilidhani mmeshamaliza na Yesu." Yule mtu alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi. Tangu hapo Dionizi hakugusa mti kabla ya tarehe ishirini na sita, hata kama umelala katikati ya barabara.

Sasa, miti iliyotupwa huja na watu wake. Karibu kila mti ulikuwa na pambo moja lililosahauliwa ndani kabisa ya matawi, na mengi yalikuwa yameandikwa majina. Dionizi hakutupa hata moja. Aliyatundika yote kwenye mti wake, na kila jioni ya Januari familia ilipiga magoti akayasoma moja moja kama litania: "Megan." Bwana umkumbuke. "Bibi Dolores." Bwana umkumbuke. "Rocky." Bwana umkumbuke. Huyu Rocky alimpenda kwa namna ya pekee. Alimwombea kazi nzuri na mke mcha Mungu kwa muda wa miaka mitatu, mpaka Nadine alipoligeuza lile pambo likaonekana wazi lina umbo la mfupa.

"Baba, huyu ni mbwa."

Dionizi aliliangalia pambo, akamwangalia Nadine. "Horini palikuwa na ng'ombe na punda," akasema, "na hakuna aliyewafukuza. Tuendelee."

Huyo ndiye aliyekufa Ijumaa ya kwanza ya Majilio, mwaka 2015, kazini, moyo ukasimama akiwa ameshika boksi. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba.

Joselyne alipewa siku tatu za maombolezo kwenye kiwanda alichofanyia kazi. Mila ya Kirundi inataka mjane atulie nyumbani mpaka siku ya kuganduka, yaani siku ndugu wanapokusanyika, wanakunywa pombe ya mtama, wanasali, na kuondoa matanga ili watu warudi kuishi. Msimamizi wake hakuwahi kusikia habari hiyo. Basi Joselyne akaenda kazini akiwa na matanga yake chini ya koti, na kuganduka kukapangwa Jumamosi tarehe tisa Januari.

Kitu kimoja tu alikitaka. Siku hiyo mti wa Dionizi usimame sebuleni, mti wa kuokota, na majina yasomwe. Hakumwambia mtu kwa nini. Mwenyewe alijua kwamba tangu mazishi hajaweza kusali hata Baba Yetu moja mpaka mwisho, na litania ile ya kichekesho ndiyo sala pekee aliyodhani angeweza kuifikisha.

Ijumaa jioni wakafika ndugu wa marehemu. Dada yake Mukandoli, mtunza wazee, alitoka Riverside, Buffalo, na gari lenye matairi ya theluji na mdomo usio na breki. Kaka yake mkubwa Ezéchias alitoka Louisville na boksi refu. Ezéchias alifanya kazi Jeffersontown, kwenye kiwanda kinachopakia miti ya Krismasi ya plastiki. Dionizi aliiita miti hiyo "brashi za kusugulia choo cha Goliathi," na ndugu hao walikuwa wamezozana juu yake kwenye simu kila Desemba.

"Shemeji," alisema Ezéchias akiliweka boksi katikati ya sebule, "mambo yameisha. Huu hapa. Haupukutiki, haunuki."

"Marehemu angefufuka," alisema Mukandoli.

"Marehemu alikuwa mdogo wangu. Matanga ya mdogo wangu hayataondolewa kwa uchafu wa jalala. Watu watasema familia yetu inaokota."

"Tunaokota, kaka. Mimi shela yangu ya arusi niliokota."

Ezéchias akamgeukia Joselyne. "Kazini unakwenda, sawa, kazi haina mila. Lakini mjane kuzunguka barabarani akitafuta miti kabla ya kuganduka? Hapana."

Kwao, kitu alicholeta mkubwa kwenye matanga hakikataliwi. Joselyne alimshukuru kwa mikono miwili, akaenda kulala, boksi likibaki sebuleni kama mgeni asiyealikwa.

Asubuhi Mukandoli alimkuta jikoni anachambua maharage yaleyale mara ya tatu.

"Wifi, vaa koti."

"Shemeji amekataza."

"Amekataza kuzunguka. Sisi tutakwenda moja kwa moja."

Walizunguka saa nzima na nusu. Clintonville ilikuwa safi kama sahani iliyolambwa. Gari la taka lilikuwa limepita Alhamisi, na mbele ya nyumba zilibaki sindano za kijani tu juu ya theluji, palipolala miti. Wageni walialikwa saa kumi. Saa sita ikapita. Mukandoli, ambaye hakuwahi kunyamaza tangu abatizwe, akanyamaza, na hapo ndipo Joselyne alipoogopa kweli.

"Turudi," akasema. "Ule wa plastiki nao ni mti."

"Usitukane siku ya leo."

Wakakata kona ya mwisho. Kijana mmoja mwenye pajama na mabuti alikuwa anakokota mti kutoka nyumbani kwake, kichwa chini, njia nzima ikigeuka kijani nyuma yake. Mukandoli akakanyaga breki. Kijana alipoona wanawake wawili wanashuka kwa haraka namna ile, mmoja na kilemba cheusi, akadhani wametumwa na manispaa.

"Najua, najua," akasema kwa Kiingereza. "Nimechelewa. Samahani."

"Hujachelewa," Joselyne akamwambia. "Umewahi."

Ulikuwa mti mbaya. Ubavu mmoja ulikuwa na upara, na kila ulipoguswa ulimwaga sindano kama mzee anayepiga chafya ndani ya ugoro. Joselyne aliupekua kwa vidole, tawi kwa tawi, kama Dionizi alivyofanya. Hakukuwa na pambo lolote. Ndani kabisa alikuta kindoano cha waya, kitupu, kinaning'inia peke yake.

Ezéchias aliwapokea mlangoni. Aliuangalia mti, akaiangalia njia ya kijani waliyoichora kutoka kwenye gari mpaka kwenye zulia.

"Nilisema nini?"

"Nisamehe, shemeji," alisema Joselyne. Lakini hakuuachia.

Hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Dionizi alikuwa akisimamisha mti wake kwenye ndoo kubwa yenye mawe. Ndoo hiyo sasa ilikuwa imejaa pombe ya mtama ya kuganduka, na hata askofu asingethubutu kuimwaga. Wakauegemeza mti ukutani, ukaanguka. Wakaufunga na kamba kwenye dirisha, ukaanguka na pazia. Mara ya tatu ulimwangukia Ezéchias mwenyewe, aliyekuwa ameketi kwa heshima amewapa mgongo, na sindano zikamwingia kwenye kola mpaka kiunoni.

Akasimama. Mukandoli akauma ukingo wa kitenge chake.

"Mnausimamisha kama mnampeleka mlevi kwake!" Ezéchias akafoka. "Miaka sita napakia miti, naangalia ujinga huu! Leteni kisu."

Akapasua lile boksi lake. Akaurusha pembeni mti wa plastiki, akatoa chini yake chuma cha miguu mitatu cha kuusimamishia, akapiga magoti. Shina lilikuwa nene kuliko tundu. Alilichonga polepole, ulimi nje, kama wakati walipokuwa watoto wakichonga magari ya miti, yeye akichonga na Dionizi akishika. Safari hii aliyeshika alikuwa Joselyne. Alipokaza skrubu ya mwisho, mti ulisimama wima, mbaya vilevile.

"Miguu yangu," akasema Ezéchias bila kumwangalia mtu, "mwili wake."

Saa kumi wageni walijaa. Nyota ya USA ilikuwa juu, mapambo ya watu wasiojulikana yakishika upande usio na upara. Joselyne akamwomba shemeji yake asome majina, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Ezéchias akavaa miwani, akaanza kwa sauti ya mahakamani.

"Megan."

"Bwana umkumbuke."

"Bibi Dolores."

"Bwana umkumbuke."

"Rocky." Akasita. "Rocky ni nani?"

"Ni mbwa, baba mkubwa," alisema Nadine.

Ezéchias akashusha miwani. "Marehemu alimwombea mbwa?"

"Alimwombea apate mke."

Mukandoli ndiye aliyeanza, halafu sebule nzima ikacheka, wazee kwa vijana. Joselyne naye akacheka, mara ya kwanza tangu Majilio, mkono mdomoni, machozi yakimtoka bila mpango.

"Bwana amkumbuke basi," Ezéchias akasema, akapanguza miwani. Akarudi kwenye mti kutafuta jina linalofuata. Kwenye kile kindoano kitupu Joselyne alikuwa ametundika kitambulisho cha kazini cha mumewe, kile chenye picha aliyopigwa akiwa amefumba macho, akionekana kama mtu anayesali au anayesinzia. Ezéchias alikishika.

"Dionizi Niyonkuru," akasoma.

Joselyne ndiye aliyejibu wa kwanza, kabla ya wengine wote, na hakukatikia njiani. Akaunganisha na Baba Yetu, ikafika mpaka Amina. Ndoo ikafunuliwa.

Mti ulikaa mpaka tarehe mbili Februari, ingawa kufikia siku hiyo ulikuwa umebaki fimbo. Ezéchias alirudi Louisville na boksi lenye mti usio na miguu. Mkewe alipouliza kama zawadi ilipokelewa, alijibu kwamba ilisimama sebuleni watu wote wakaisifu.