Uso Uliogeuzwa

Mteja wa Jumamosi hasalimii kwanza. Hukunjua leso nyeupe juu ya meza ya fundi saa, akainua mojawapo ya saa zake adimu, akaitegea sikio huku amefumba macho, ndipo aseme, "Habari za leo, fundi." Anazo kumi na moja, kila moja na leso yake, na hukosa raha akiona mtu anazishika bila kunawa. Mkono wake wa kushoto, hata hivyo, huwa mtupu. Hazivai, asije akazikwaruza.

Ndiyo maana fundi aliogopa alipogundua alichokifanya. Ile ya thamani kuliko zote ilikuwa imekatika vijiguu vinavyoshikilia uso, naye akaugundisha vizuri kabisa, ila kichwa chini miguu juu: sita imepanda juu, kumi na mbili imeshuka chini. Na mwenyewe keshafika, leso keshaikunjua.

"Nisamehe, mzee. Naubandua sasa hivi."

Mteja aliinua saa yake. Ilikuwa saa sita kamili mchana. Mishale yote miwili ilisimama wima kuelekea juu, na huko juu palikuwa na sita. Akaitazama wee, akacheka kicheko cha puani, kisha akanyoosha mkono wa kushoto afungiwe mkanda.

"Iache hivyo hivyo. Hizi nyingine miaka yote nazisoma kwa kutafsiri," alisema, akiukunja mkono wa shati ionekane. "Hii umeifundisha Kiswahili."