Moto Chini ya Kiti cha Mama

Kwa nini sikumuuliza baba? Swali hilo lilinirudia juzi nilipomwona fundi akifunga taa za ziada kwenye pikapu ya jirani.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, nyumbani Mumbuni, fundi wetu alikuwa amejikunja chini ya dashibodi ya gari la baba, harufu ya plastiki iliyoungua ikimzunguka.

"Mzee, moto nimetoa kwa betri, nikapitisha chini ya kiti ya mama."

"Uko na nguvu?" baba akauliza.

"Nguvu? Hizi taa za spoti zitaamsha Muthetheni yote!" Wakacheka.

Sikujua kwamba mafundi huuita umeme moto. Akilini nilimwona mama akiteketea njiani kwenda sokoni Muthetheni.

Asubuhi iliyofuata nilimtangulia mama garini, nikakalia kiti chake na kufumba macho.