Muti Yenye Tuliita Kiboko

Jana nilipita mbele ya école primaire yangu ya zamani, kule Vulamba, na shati ya sekondari yenye kupigwa pasi muzuri. Maji ikanirukia mu jicho. Rafiki, nilicheka mupaka nikachutama. Batoto balikuwa bamefinya bourgeon, ua yenye haijafunguka, ya ile muti ya maua nyekundu, ile inajazaka maji ndani. Ile pompe ya kurusha maji ni sisi tuliigunduaka, hata kama bao banasema ni bao.

Wakati tulikuwa mu mwaka ya tano, directeur alitangazaka kwamba muti itakatwa, itoe makala, ile makaa ya kuivisha madesu, maharagi ya bamwalimu. Tulisikia vibaya sana. Juma ile ile mwalimu wetu akatupa devoir: tulinganishe mu mambo tatu muti moja ya maua na nyama moja yenye iko karibu kupotea. Mais kwetu nyama ni ile ya pori, na ni ile ya sahani. Donc, mwenzangu wa banc akasimama, akajibu: muti inaivishaka, nyama inaivaka. Mwalimu aligeukia tableau ya kuandikia, mabega yake inatetemeka.

Mimi nilichagua kiboko. Koko, mama ya baba yangu, alikuwa anauzisha samaki kule Kyavinyonge, pembeni ya ziwa. Alikuwa analalamika kwamba zamani kelele ya viboko ilimukatazaka kulala; batu bakavikula, sasa analala muzuri na hafurahi.

Directeur akaingia kusikiliza. Nikasema: kiboko ni munene, muti yetu ni munene. Kiboko inarusha maji, muti yetu pia.

— Inarusha namna gani? directeur akauliza.

Nilikuwa na bourgeon mu mufuko. Nikafinya. Maji ikafika mu miwani yake.

Akapanguza miwani polepole.

— Na ya tatu?

— Ya tatu, Monsieur le Directeur, yote mbili banataka kuitia ku moto. Ile ya ziwa sina nguvu ya kuikomboa. Hii ya hapa iko mu mikono yako.

Akanyoosha mukono, akaomba bourgeon ingine, akamupiga nayo mwalimu. Tukapiga kelele ya furaha mupaka soko ikasikia. Madesu ikaivia ku makala ya ku soko, na muti ikabakia, ikaitwa Kiboko.

Koko alishakufa. Kule Kyavinyonge, ile kelele ya viboko ya usiku, mimi sijaisikia hata mara moja. Mais jana, nikiwa napanguza jicho, katoto kenye hakajaona ziwa kakanisogelea na heshima ya mudogo kwa mukubwa wake:

— Pole, yaya. Ni Kiboko ndiyo alikupiga.