Mtambo Ukisimama, Sema Umesimama

Kuna asubuhi moja ya kazini ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, ingawa ni miaka mingi sasa na mimi ni bibi wa kustaafu, kazi yangu kumwagilia maua kwenye roshani hapa Ganjoni. Nilikuwa msichana bado. Ofisi yetu ilikuwa mwisho wa Ndia Kuu, ghorofa ya juu ya nyumba ya zamani, na kampuni ilikuwa ya kutunza na kutoa makontena yaliyoshushwa bandarini. Nyuma ya mlango wa kioo ndiko alikokaa bwana mkubwa wetu, yaani kompyuta kubwa.

Nyinyi mkisikia kompyuta mwafikiria kitu cha kupakata. Ule ulikuwa mtambo wa kujaza chumba, una umeme wake na baridi yake, na sisi tuliouhudumia tulivaa sweta huku watu wa nje wakijipepea kwa magazeti. Kila kontena lililokuwa uwanjani, liko safu gani, lina nini ndani na ni la nani, mtambo ndio uliojua. Karani hakuweza kutoa hata kontena moja bila kuuliza mtambo kwanza.

Msimamizi wa chumba hicho alikuwa Maalim Said, mzee wa Mji wa Kale, aliyesomesha watoto Kurani chuoni baada ya saa za kazi na ndiyo sababu sote tukamwita Maalim, hata wakubwa wake. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Hakuna amri niliyoijua katika mtambo ule ambayo sikuitoa kwake. Na adabu yake, mwanangu, sijaona mfano wake. Ukimsalimia asubuhi ujue chai yako itapoa, maana atauliza mama, atauliza nyanya, na akikumbuka atauliza na paka wenu. Lakini katika miaka yote sikuwahi kumsikia akisema jambo ni baya. Akiwa na homa ya kumtetemesha meno atakwambia, "Alhamdulillahi, sijambo, ni joto kidogo tu."

Hayo ndiyo malezi yetu, wala siyabezi. Mtu akikuuliza u hali gani, wajibu njema kwanza, hata kama umetoka kuzika. Shida huja baadaye, kwa sauti ya chini, na huja imepunguzwa ili usimtwishe mwenzio mzigo wako. Kwa jirani ni uungwana. Lakini kwa wale waliotuuzia mtambo, uungwana huo ndio uliokaribia kutuangamiza.

Asubuhi hiyo nilipoingia nilikuta taa nyekundu inawaka. Kumbukumbu zetu zilikaa kwenye diski mbili zilizofanana, ili moja ikifa nyingine ishike. Moja ilikuwa imekufa. Hilo peke yake lisingenitisha, ila ile ya pili nayo ilikuwa imeanza kutoa makosa kwenye skrini, moja, kisha kimya, kisha mawili pamoja. Na nakala ya akiba hatukuwa nayo ya karibuni, kwa kuwa kile chombo cha kunakilia kwenye tepu kilikuwa kimeharibika na wauzaji hawajaja kukitengeneza. Kwa hivyo kumbukumbu za uwanja mzima zilikuwa zimebaki kwenye diski moja, nayo ni mgonjwa.

Maalim alifanya lililo sawa. Alisimamisha kazi zote papo hapo ili diski isichoshwe. Mtambo ukabaki unawaka na kunguruma, lakini hakuna kilichoandikwa wala kilichosomwa, na huko mbele kwenye kaunta makarani wakakunja mikono. Kisha akawapigia simu wauzaji.

Hapa nikueleze kidogo, ingawa wewe wayajua. Kituo cha msaada kilikuwa ng'ambo. Anayepokea simu si fundi, kazi yake ni kuuliza swali moja: kazi imesimama, au inakwenda kwa shida, au ni jambo dogo? Ukisema imesimama, fundi mkubwa anatafutwa popote alipo, saa ile ile. Ukisema ni dogo, unaingia kwenye foleni pamoja na watu ambao kibodi zao zimekwama. Na neno linalopokewa ni la yule ambaye jina lake limo kwenye mkataba. Kwetu sisi jina lilikuwa moja tu, la Maalim.

Basi nikamsikia kwa masikio yangu, kwa Kiingereza chake kizuri cha shule za zamani, akimuuliza mwanamke aliyepokea simu habari za kwao na hali ya hewa. Akaulizwa lile swali. Akasema, "Tuna shida ndogo ya diski. Mtambo unawaka. Mkipata nafasi tutashukuru."

Mkipata nafasi! Nikatazama skrini, makosa mengine matatu.

Akakata simu, akanigeukia akitabasamu. "Watatupigia, Amina. Haraka ya nini?"

"Maalim, hukuwaambia kuwa tumesimama."

"Mtambo si wawaka? Nitasemaje umesimama? Tena watu hawa wana shughuli zao, hatutaki kuwapigia mayowe kama watu wasio malezi."

Ningesema nini mbele ya aliyenifundisha? Nikatoka kwenda mbele nipumue, na huko nikakutana na Mama Mutua. Huyu alikuwa msimamizi wa dawa katika hospitali moja ya mjini, mtu wa Ukambani, mpole lakini hachezewi, naye alikuja kuchukua kontena lake. Ndani yake mlikuwa na maji ya kusafishia damu za wagonjwa wa figo.

"Dada, kuna nini leo?" akaniuliza. "Mimi hayo maji niliyobaki nayo hospitali hayafiki mbali. Kesho nina wagonjwa."

"Usijali, mama," nikamwambia. "Ni jambo dogo tu, mafundi wanalishughulikia. Keti, nikuletee chai?"

Akaketi. Nikamletea chai na mahamri, akanishukuru, akatoa kitambaa chake akaanza kufuma. Mimi nikarudi ndani kwenye baridi.

Muda ulipita, simu haikulia. Makosa yalizidi, sasa yalikuja kwa mafungu. Nilianza kuhesabu kichwani: ikifa hii, tutajuaje lipi ni la dawa na lipi ni la mbolea kati ya yale masanduku ya chuma yanayofanana kule uwanjani? Maalim alikuwa amesimama mbele ya skrini na tasbihi mkononi. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Niliona wazi kuwa anaogopa, na kumwona mtu yule akiogopa kulinitisha kuliko taa nyekundu.

Akapiga tena. Safari hii aliweka spika ili aandike. Mwanamke yule yule, swali lile lile. Maalim akaanza, "Tusameheni kwa kuwasumbua tena, ile shida yetu ndogo…"

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikasogea mpaka kwenye simu nikasema kwa sauti, "Kazi imesimama. Diski moja imekufa na ya pili inakufa sasa hivi, na hatuna nakala."

Maalim alinitazama kama nimemvua kanzu sokoni. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumkata mkubwa kauli, tena mbele ya mgeni, na nilitamani sakafu ipasuke.

"Nani anazungumza?" akauliza yule mwanamke. "Samahani, wewe jina lako halimo. Bwana Said, nahitaji kulisikia kutoka kwako. Kazi imesimama au haikusimama?"

Maalim akaibana tasbihi mkononi. Skrini ikatoa fungu jingine la makosa, refu kuliko yote, likapanda likapotea juu. Nikamwambia kwa Kiswahili, polepole, "Maalim wangu, nisamehe. Daktari akikuuliza waumwa wapi, utamwambia hujambo?"

Akafumba macho. Akasema, "Imesimama. Kazi imesimama, na mimi naogopa."

Mwanangu, maneno hayo yalibadilisha kila kitu. Sauti ya yule mwanamke ikawa nyingine kabisa. Akatwambia tusikate simu, na kabla Maalim hajamaliza kujifuta uso fundi alikuwa kwenye laini, mwanamume wa maneno machache. Hakutulaumu, hakusalimia. Akatuongoza tuyahamishe yaliyomo kwenye diski ile mgonjwa hadi diski ya tatu, tuliyowekea ripoti tu, kipande baada ya kipande, tukianza na kumbukumbu za makontena na kuyaruka maeneo yaliyooza. Alitwambia waziwazi kuwa hana hakika kama itahimili mpaka mwisho.

Kazi ilipoanza kwenda, Maalim alinyoosha kanzu yake. "Kaa na fundi," akaniambia. Akatoka kwenda mbele. Kupitia kioo nikamwona anamwinamia Mama Mutua.

Baadaye niliambiwa alichomwambia. "Mama, sitakuficha. Mtambo wetu umesimama na sijui kama kontena lako litatoka yeo. Pengine hata kesho halitoki. Ikiwa kuna mahali pengine pa kupata maji hayo, yatafute sasa."

Mama Mutua aliinuka kwa hasira, kitambaa kikamwanguka. "Na mbona yule dada aliniketisha hapa asubuhi nzima? Ningekuwa nimeshapiga simu!" Akaomba simu ya kaunta, akapigia hospitali moja baada ya nyingine, na mwisho akapata waliokubali kumwazima ya kutosha siku mbili tatu. Akaondoka mbio bila kutuaga.

Diski ile ilikufa mchana wa siku hiyo. Lakini tulikuwa tumeshatoa ndani yake karibu kila kitu. Tulipoteza kidogo, tukazunguka uwanjani kwa miguu na jua letu kutafuta makontena yaliyokosa majina. Kontena la Mama Mutua lilikuwa miongoni mwa hayo. Lilipatikana siku ya pili yake, alasiri. Wagonjwa wake walishasafishwa damu asubuhi, kwa maji ya kuazima.

Nilingoja Maalim anigombeze kwa kumvunjia heshima kwenye simu. Nilikuwa nimeandaa na maneno ya kuomba radhi. Akaniita pembeni, hakupandisha sauti.

"Amina, ulinikosoa mbele ya watu na ulifanya vyema. Mimi ni mtu mzima, nilikuwa nimekosea. Lakini nambia kweli, yule mama ulimwambia nini?"

Nikamwambia.

"Basi mimi na wewe tuna tofauti gani? Mimi niliwapunguzia wauzaji ukweli, wewe ukampunguzia yeye, ukamtilia na mahamri juu. Ulipokuwa umenikasirikia ulikuwa ushafanya lile lile. Mimi ningeharibu kumbukumbu. Wewe ungeua watu."

Nililia, sikufichi. Nililia mpaka nikashindwa kushuka ngazi. Alikuwa amesema kweli tupu, na mimi asubuhi ile nilijiona shujaa.

Nakueleza haya kwa sababu mama yako ameniambia huna usingizi. Ameniambia kuwa huo mtambo mnaouendesha kwenu benki, wauzaji wameandika kwamba toleo lake hawatalihudumia tena, kuwa wenzako wanaolijua wamebaki wawili na mmoja anastaafu, na kuwa mkubwa wenu alipouliza mkutanoni ulimjibu kuwa mtamudu. Juzi nilikupigia nikakuuliza habari za kazi. Ukanijibu, "Njema kabisa, shangazi." Nami ni mzee tu, masikio bado ninayo.

Mwanangu, mimi nionyeshe uungwana wako wote. Nisalimie, niulize miguu yangu, niambie njema hata kama ni uwongo, nitakusamehe. Lakini anayekuuliza ili apate kutenda, huyo usimpunguzie. Mwambie mkubwa wako kesho, kwa maneno mafupi, ni kipi kitakufa na ni nani atakayeumia. Waambie wauzaji imesimama ikiwa imesimama, hata taa ziwe zawaka. Hakikisha jina kwenye mkataba haliwi la mtu mmoja mwenye haya. Na ukishamaliza na wakubwa, toka uende kaunta. Pale kuna mtu ameketi anakuamini, na chai uliyompa imemnyima nafasi ya kujiokoa. Mwambie na yeye. Ataudhika, pengine ataondoka bila kukuaga, na wewe utabaki na aibu yako. Ivumilie, kwani mtu huwa hafi kwa aibu.

Hofu uliyonayo si ugonjwa. Ni kazi yako inakuita jina, nawe ukiitika itapungua. Mola akupe ulimi mwepesi kwenye kweli na moyo usiotetemeka unapoisema. Akulinde na fedheha, awalinde na wale wasiokujua ambao maisha yao yamo mikononi mwako, na akurudishie usingizi wako, mwanangu. Amin.