Donge la Ijumaa

Mkate ukiungua kwenye duka la mikate la hapa Khuwair, ughaibuni ninakoishi, hasira yangu ya utotoni hurudi.

Mama alifanya kazi Nairobi kwa bibi mmoja Myahudi, nami nilifuatana naye. Kila Ijumaa bibi huyo alimega donge dogo la unga aliokanda, akaliombea, akalichoma kama sadaka likawa mkaa.

Siku moja akaja bwana aliyeandika historia ya Wayahudi wa mjini. Alimhoji mume wa bibi tu: duka, sinagogi, wazee. Huku anakula mkate wa bibi!

“Na wanawake je?” nikauliza. Mama akanifinya.

“Wao walikuwa jikoni,” bwana yule akajibu, akiendelea kuandika.

Bibi akaleta lile donge jeusi, akaliweka juu ya daftari la bwana yule.

“Sinagogi ninyi wanaume mmejenga juzi. Hili mama zetu wamelichoma kila nchi waliyokimbilia. Andika.”