Dawa Aliyowakaribisha Wageni

Chupa ilikuwa tupu tena. Niliiinua kwenye mwanga wa mlangoni, nikaitingisha, kana kwamba morfini ingerudi kwa kutingishwa.

"Yeyo, dawa imekwenda wapi?"

"Tumekunywa."

"Mmekunywa na nani?"

"Na wageni."

Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, ndivyo nilivyomwita; alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Hospitali ya rufaa ilishasema hakuna la kufanya, ikamrudisha bomani. Kazi yangu ilikuwa kumfuata na dawa kwa pikipiki kutoka hospitali ya Endulen, ili angalau asife akilia kwa maumivu. Sikuwa na kingine cha kumpa ila ile chupa, na yeye alikuwa akiigawa kama maziwa.

Huko mgonjwa hakosi watu. Wazee wa ukoo wanakuja, wake zao wanakuja, hata mchungaji anayepita na ng'ombe anaingia kumjulia hali. Naye alilelewa kwamba mtu hanywi kitu mbele ya mgeni bila kumkaribisha. Huyu akawa na mgongo, yule akawa na goti. Dawa yenyewe ni chungu, na kwa uchungu huo waliiamini zaidi. Usiku ukifika, aliyebaki bila kitu ni mwenye saratani.

"Yeyo, hii si chai!" nilifoka.

"Chai nayo imeisha."

Mke mwenzake, aliyekuwa akichochea moto, alicheka hadi akajishika mbavu.

Nikawaeleza kwamba dawa hii inaweza kumlaza mzee asiamke.

"Aliamka," alisema mgonjwa. "Akaomba nyingine."

Nimesoma kidogo tu kwetu Karatu, sijui maneno ya kushawishi watu. Ninachojua ni kugomba, na nilikuwa nimegomba katika boma lile mpaka koo likakauka.

Siku hiyo nilikuwa nimekuja na chupa mpya. Nikapima dozi yake, nikamshikisha kijiko. Jasho lilikuwa linamtiririka usoni. Akakisogeza kinywani pangu.

"Anza wewe. Njia ni mbaya, umechoka."

"Mimi siumwi!"

"Ninyi watu wa Karatu mnahesabu hata kijiko. Kunywa, mwanangu."

Alikuwa anaumia mbele ya macho yangu, dawa iko mkononi mwake, na hamezi kwa sababu mimi sijanywa. Hasira zikanipanda. Nikanyakua kikombe cha maziwa kilichokuwa karibu na moto, nikakigida chote.

"Haya, nimekunywa! Sasa na wewe!"

Akanitazama, akatazama kikombe. Akameza.

Mke mwenzake safari hii hakucheka. Kuanzia siku hiyo kila mgeni alipewa maziwa kwanza, hata yalipokuwa machache, ndipo mgonjwa akapewa kijiko chake. Lakini mimi kila safari niliingia na maneno yangu ya kugomba tayari, maana sikuamini kwamba dawa haigawiwi tena.

Alifariki mvua zilipoanza. Huko jina la marehemu halitajwi tena, nami silitaji. Nilipofika, mke mwenzake alinirudishia chupa. Ilikuwa na dawa ndani.

"Hakulia," alisema.

Nikasimama na ile chupa, nikatafuta cha kugombea, sikukiona. Akanipa kikombe cha maziwa. Nikakaa chini, nikanywa.